Kila Kiungo na Umri Wake

Mimi ni mtarjumi na mhariri wa vitabu, na ninaishi katika majumba ya Michenzani, Unguja. Ushuhuda wangu unahusu kompyuta moja niliyoitamani sana, na jinsi kule kuamua kama niinunue au nisiinunue kulivyobadili namna ninavyonunua kila kitu chenye waya. Nautoa kwa urefu kwa sababu najua wapo wengi waliofika pale nilipofika: kazi ipo, fedha imedundulizwa, na dukani imewekwa mbele kompyuta pana na nyembamba ambayo ukiitazama unaona kioo tu, mashine huioni.

Kazi yangu inataka kurasa mbili zionekane kwa pamoja. Kulia ipo matini ya asili, kushoto tafsiri, na mara nyingi inajipenyeza ya tatu, kamusi au maelezo ya mwandishi. Kwenye laptopu ya inchi 14 kurasa hizo hubanana. Nikizikuza, mistari inakatika. Nikizipunguza, nainama kuzifuata herufi. Mtu akiinama kutwa, shingo ndiyo inayolipa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniangalia ninavyokaa, akaniambia ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini yake kidogo, na viwiko vikae vimekunjwa kando ya mwili bila kunyanyuliwa. Kwa laptopu peke yake mambo hayo mawili hayapatani, maana kioo na kibodi vimefungwa kwa bawaba moja. Ukikiinua kioo, mikono inapaa. Ukiishusha mikono, kichwa kinaifuata.

Basi nikaanza kuwaza kompyuta ya mezani. Katika nyumba zetu, ukisema kompyuta ya mezani umeshasema meza, na ukisema meza umeshasema nafasi. Ukumbi wetu ndio wa kupokelea wageni, humo humo watoto hudurusu wakirudi skuli na chuoni, na kona yake moja ndiyo ofisi yangu. Kasha la CPU chini, monita juu, waya wa umeme wa hiki, waya wa umeme wa kile, waya wa picha kati yao, spika mbili na nyaya zake: vyote vinataka pa kukaa, na vumbi la barabarani linavijua vilipo.

Ndiyo maana ile kompyuta pana na nyembamba ya dukani ilinikamata. Wauzaji wanaiita olinwani, yaani "all-in-one", vyote katika kimoja. Prosesa, RAM, diski, spika na kamera vimefichwa nyuma ya kioo. Waya mmoja unakwenda ukutani. Kibodi na mausi havina waya kabisa. Niliiona kwa karibu kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni huko Shangani, anakofanya kazi binti wa dada yangu. Pale palikuwa na kaunta ya mbao, daftari la wageni, kikombe cha asumini na kioo cha inchi 24, basi. Nikajiambia kwamba hii ndiyo itakayokaa ukumbini kwangu bila kuugeuza ukumbi kuwa karakana.

Mume wangu, aliyechoka kunisikia, alinitania kwamba mchagua jembe si mkulima. Nikamjibu kuwa anayeshika jembe kutwa ndiye mwenye haki ya kuuliza habari za mpini.

Wazo la kuweka kila kitu mahali pamoja si jipya. Commodore PET ya mwaka 1977 ilikuja na kioo, kibodi na mashine katika umbo moja. Macintosh ya kwanza, mwaka 1984, ilikuwa kasha moja lenye kioo cha inchi 9. Mwaka 1998 Apple ikatoa iMac ya kwanza, na baadaye HP, Dell na Lenovo nao wakawa na zao, za nyumbani na za ofisini. Zamani vioo vilikuwa vinene, kwa hivyo mashine ilipata pa kukaa bila shida, na fundi alipata pa kupitisha mkono. Vioo vilipokuwa vyembamba, mashine nayo ikalazimika kujibana. iMac ya mwaka 2021 ina unene wa milimita 11.5 tu. Wembamba huo unapendeza macho, lakini una gharama yake, na gharama hiyo haiandikwi kwenye kikaratasi cha bei.

Mdogo wangu anayeishi Maskati aliposikia nataka olinwani, akasema atanitumia mpya. Umeme wa kwao na wa kwetu unapatana, na plagi ni zile zile za meno matatu bapa. Ndugu wa Oman wanajua kuvipakia vitu vya namna hiyo. Majokofu na televisheni zimeshafika kwetu kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Kilichobaki ni mimi kuitikia. Nilimshukuru, nikamwomba anipe muda kidogo niende kwanza kwa fundi.

Fundi wangu yuko Mlandege, kijana mwenye meza ndogo na taa kali. Nilimkuta amelaza olinwani kifudifudi juu ya taulo, amefungua mgongo. Sikuwa nimewahi kuiona ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Hii ndiyo ninayotaka kununua. Hebu nioneshe kilichomo."

Alinionesha kimoja kimoja kwa ncha ya bisibisi. RAM zilikuwa zile fupi, aina ile ile inayotiwa kwenye laptopu. Feni ilikuwa bapa, ya laptopu. Diski ilikuwa ndogo, ya inchi 2.5, ya laptopu. Umeme uliingia kupitia adapta nyeusi ya nje, nayo ya laptopu. Prosesa ilikuwa imelehemiwa kwenye bodi, haitoki.

"Fundi, hii si laptopu hii?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mama. Imesimamishwa tu."

"Na betri yake?"

Akacheka. "Hiyo ndiyo waliyoitoa."

Si zote ziko hivyo, na yeye mwenyewe aliniambia. Zipo zinazotumia prosesa za mezani zinazochomoka, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi. Lakini nyingi za nyumbani, zile nyembamba zinazovutia, zina viungo vya laptopu au vya aina yake. Nilirudi nyumbani na neno lake la betri, kwa sababu kwetu Unguja betri si jambo dogo.

Umeme wetu mwingi unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme huo. Kisha ukakatika tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waliokuwa Unguja wakati ule wanakumbuka ngurumo za jenereta Darajani na bei ya mafuta. Mimi nakumbuka kwamba niliweza kuendelea na kazi kwa sababu laptopu niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa na betri: nilikuwa naichaji kwa jirani mwenye jenereta, narudi nayo nyumbani, naandika mpaka izimike. Mwaka 2013 ukazinduliwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, na hali ikawa nzuri zaidi. Hata hivyo umeme bado huenda na kurudi, mara kwa dakika chache, mara kwa alasiri nzima. Kwenye laptopu tukio hilo utaliona kwa feni ya dari kusimama. Kwenye kompyuta isiyo na betri utaliona kwa aya uliyoipoteza, na siku mbaya zaidi kwa diski iliyokatishwa katikati ya kuandika.

Dawa ya hapo inajulikana: UPS, yaani betri ya akiba. Olinwani haili umeme mwingi, kwa hivyo UPS ndogo huivumilia kwa muda mrefu kuliko inavyolivumilia kasha kubwa la CPU na monita yake. Hili ni jambo jema la olinwani na silifichi. Lakini tazama hesabu inavyokwenda. Nanunua laptopu iliyotolewa betri, kisha nanunua betri nzito ya kuweka chini ya meza, pamoja na waya wake na mlio wake. Ule urahisi wa waya mmoja ulionivuta tangu mwanzo unaanza kupungua kabla mashine haijafika nyumbani.

Nikarudi kwa fundi, safari hii na daftari. Nilimuuliza swali ambalo tangu siku ile nalipeleka kila duka: katika hivi vyote vilivyomo ndani, kipi kinakufa kwanza? Akanipangia kwa uzoefu wake. Diski za zamani za kuzunguka huenda mapema, hasa zikikatiwa umeme mara kwa mara. Feni hujaa vumbi ikaanza kupiga kelele, na pwani chumvi ya hewani hula viunganishi. Adapta huungua umeme ukipanda ghafla. Bodi hufa mara chache, lakini ikifa ndiyo msiba. Prosesa yenyewe ni nadra kufa, bali huzeeka: programu zinakua, yeye habadiliki. Na kioo? Kioo kizuri, akasema, kisipoangushwa, kinaweza kuishi miaka kumi na zaidi, kikaona kompyuta mbili au tatu zikija na kuondoka.

Hapo ndipo fikra zangu zilipogeuka. Ndani ya olinwani kuna kitu cha miaka kumi kilichofungwa pamoja na kitu cha miaka mitano na kitu cha miaka mitatu, na vyote vinauzwa kwa bei moja. Sisi wanawake wa pwani tunalijua jambo hili kwa khanga. Doti huja vipande viwili vimeshikamana, na kazi ya kwanza tukifika nyumbani ni kuzikata na kuzipinda, ili kila kipande kiende na maisha yake: kimoja kikichakaa kwa kuvaliwa jikoni, mwenzake bado ni wa kutokea. Olinwani ni doti lililokatazwa mkasi.

Mfano wa karibu wa jambo hili ulikuwa umeshafika madukani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kwa hivyo olinwani nyingi za mtumba za kizazi cha 6 na cha 7, zilizotolewa maofisini Ulaya na kwengineko, zinauzwa kwa bei ya kuvutia. Ukiiwasha mojawapo, kioo kinang'aa, spika zinaimba, kamera inaona. Kilichozeeka ni prosesa tu, lakini kwa sababu vimefungwa pamoja, uzee wa mmoja umekuwa uzee wa wote. Mtu anaweza kuitilia Ubuntu na ikamfaa kwa kuandika na kusoma barua pepe. Nimeona wanaofanya hivyo na hawalalamiki. Lakini kama kazi yako imefungwa na programu za Windows, umenunua kioo kizuri chenye mashine isiyopendwa tena na waliotengeneza programu zako.

Mfano wa pili unauma zaidi kwa sababu ni wa kifaa bora. Mwaka 2014 Apple ilitoa iMac ya inchi 27 yenye nukta 5120 kwa 2880, kioo ambacho hata leo kingemfurahisha mhariri yeyote. iMac za inchi 27 zilizotangulia, tangu 2009, ziliweza kutumika kama monita ya kompyuta nyingine. Ile ya 2014 ikaondolewa uwezo huo. Mashine yake ikizeeka, kioo kile cha ajabu hakiwezi kupokea waya kutoka kompyuta mpya, isipokuwa fundi akifungue, atoe bodi ya ndani na kutia nyingine. Na kukifungua nako ni kazi, kwa sababu tangu mwaka 2012 vioo vya iMac vimebandikwa kwa gundi. Kuhusu kumbukumbu, iMac ya 2021 haikubali kuongezwa RAM baada ya kununuliwa; uliyochagua siku ya kulipa ndiyo utakayozeeka nayo.

Kwa kuwa natoa ushuhuda, sina budi kuutendea haki upande wa pili. Binti wa dada yangu hakukubaliana na mimi, na katika mazingira yake yeye ndiye mwenye haki. Kaunta ya Shangani ni ya wageni wanaoingia wakiwa na mizigo na uchovu. Kinachoonekana mbele yao ni sehemu ya biashara. Kazi inayofanyika pale ni ndogo na ya namna moja: kupokea nafasi zilizowekwa, kuchapisha risiti, kujibu barua pepe. Nyumba ina jenereta inayoingia yenyewe umeme ukikatika. Mashine ilinunuliwa mpya kwa dhamana, na mwenye nyumba amepanga kuibadilisha muda wake ukiisha, kama anavyobadilisha mashuka. Hapo olinwani inafanya kazi yake barabara. Vivyo hivyo kwa daktari wa meno anayetaka kioo karibu na kiti cha mgonjwa, au kwa mzee anayetaka kuwaona wajukuu walioko Ulaya kila Ijumaa bila kujua waya upi unaingia wapi. Mzee huyo akikwambia waya mmoja unamtosha, mwamini.

Wao wananunua nafasi na urahisi, na hivyo ndivyo kazi zao zinavyovihitaji. Mimi nilikuwa nanunua kioo na urefu wa kioo. Niliporudi kuitazama olinwani ya Shangani kwa jicho hilo, niligundua jambo ambalo tamaa ilikuwa imelifunika: stendi yake inainama mbele na nyuma, lakini haipandi wala haishuki. Nyingi za nyumbani ziko hivyo, iMac pia. Kioo kinakaa pale alipoamua mtengenezaji, na mwenye shingo atafute vitabu vya kukiwekea chini. Mtaalamu wa viungo alinitaka nirekebishe jambo moja, na kifaa nilichotaka kukinunua kwa fedha nyingi hakikuwa na jambo hilo.

Nilijiuliza pia kwa nini laptopu, ambayo nayo imeunganishwa kila kitu, sikuiona kuwa na kosa. Jibu lilinijia nikiwa kwenye boti ya Dar es Salaam, nimeipakata, nasahihisha sura ya kitabu. Laptopu imeunganishwa kwa sababu inasafiri. Simu imeunganishwa kwa sababu inaingia mfukoni. Kuunganisha huko kunakulipa kila siku unapobeba. Olinwani imeunganishwa, halafu inakaa mezani. Hainilipi kwa kubebeka, inanilipa kwa nafasi ya mezani na kwa sura. Mtu akihitaji hivyo viwili, bei yake ni halali. Mimi nafasi niliweza kuipata kwa njia nyingine.

Njia yenyewe ndiyo hii. Laptopu yangu ilikuwa ya kizazi cha 8, kwa hivyo ingeipokea Windows 11. Ilikuwa nzito tu kwa sababu ya diski ya kuzunguka na RAM ndogo. Nilimpigia mdogo wangu Maskati nikamwambia zawadi naipokea, lakini nimebadili ombi: aniletee SSD, diski isiyozunguka, na RAM atakapokuja likizo. Alishangaa, maana alikuwa amejiandaa kutuma boksi kubwa, na mimi namwomba vitu vinavyoenea kwenye mfuko wa shati. Alikuja navyo kwenye begi la mkononi. Fundi wa Mlandege alivitia nikiwa nimekaa hapo hapo, nakunywa chai. Laptopu iliyokuwa inaamka kwa kujivuta ikawa inaamka kabla sijavaa miwani.

Kisha nikanunua monita ya mtumba ya inchi 24, ya zile za ofisini, yenye stendi inayopanda, inayoshuka, na inayogeuka kusimama wima kama ukurasa. Nukta zake ni 1920 kwa 1080, si ajabu ya dunia, lakini kurasa mbili zinakaa bila kugombana. Haina spika wala kamera, laptopu inavyo. Nikaongeza kibodi na mausi visivyo na waya. Laptopu inakaa pembeni juu ya kijistendi cha mbao alichonitengenezea seremala wa mtaani, na waya mmoja wa HDMI unaiunganisha na monita. Nikimaliza kazi nachomoa waya, naiweka laptopu kabatini, na monita inasukumwa ukutani. Mgeni akija, anakuta meza.

Umeme ukienda, monita inazima, na kurasa zote zinarukia kwenye laptopu zenyewe, neno la mwisho likiwa pale pale nilipoliacha. Nina UPS ndogo kwa ajili ya monita na ruta. Monita ya LED ya ukubwa huo hula kama wati 20 hadi 25, kwa hivyo UPS haihemi. Na mita yetu ya umeme ya Tukuza, ambayo mume wangu huisoma kwa makini zaidi ya gazeti, haikuonesha mabadiliko ya kumpa neno la kusema.

Shingo imetulia. Sisemi imepona, maana umri nao una sehemu yake, lakini sifanyi kazi tena nikiwa nimeikunja. Kazi nayo imebadilika: natumia OmegaT, programu ya bure ya watarjumi, na sasa naweza kuifungua upana wake wote huku kitabu cha asili kikiwa kimesimama pembeni. Makosa ya kuruka mstari, ambayo ni adui mkubwa wa mtarjumi, yamepungua kwa kuwa jicho halirudi nyuma kutafuta lilipoachia.

Badiliko kubwa zaidi halikuhusu kompyuta. Nimekuwa mtu wa kuuliza umri wa viungo. Tulipotaka taa ya sola ya dharura, nilichagua ile ambayo betri yake inatoka kwa skrubu, nikaiacha iliyozibwa ingawa ilikuwa na umbo zuri. Tulipotaka printa, muuzaji alinisukumia inayochapisha, kuskani na kunakili kwa pamoja. Nilikaa nikafikiri: kuskani nafanya kwa simu, na kichwa cha wino kikifa sitaki kife na kila kitu. Nikachukua ya kuchapisha tu. Lakini nilipomnunulia mama redio, nilichagua iliyounganisha kila kitu, tochi, betri na chaja, kwa sababu mama anatembea nayo kutoka ukumbini hadi uani. Kanuni si kuchukia vilivyounganishwa. Kanuni ni kuuliza kuunganishwa huko kunamlipa nani.

Wanaonijia kuniuliza kama wanunue olinwani siwakatazi. Nawapa maswali ya kwenda nayo dukani. Umeme wa hapo itakapokaa ukoje, na ukikatika utaishikilia kwa nini? Ina tundu la kuingizia picha kutoka kompyuta nyingine? Zipo chache zenye tundu hilo, na hizo kioo chake hakitakufa na mashine. Mgongo wake unafunguka kwa skrubu, au kioo kimebandikwa? Zile za ofisini, kama OptiPlex za Dell, ThinkCentre za Lenovo na EliteOne za HP, kwa kawaida ni rafiki zaidi wa fundi kuliko za nyumbani. RAM inaongezeka? Prosesa ni kizazi cha ngapi? Adapta yake ikiungua, inapatikana mjini au mpaka iagizwe? Stendi inapanda? Na mwisho, fundi wako ameshawahi kufungua ya aina hiyo? Muuzaji akiyajibu yote bila kuhangaika macho, na kazi yako ikawa ya kaunta moja isiyohama, nunua na uitumie kwa raha.

Laptopu yangu haitadumu milele. Betri yake imeanza kuchoka, na ipo siku Windows nyingine itakuja na masharti mengine. Siku hiyo nitanunua laptopu peke yake. Monita, kibodi, mausi, stendi ya seremala na UPS vitabaki vilipo, na fedha nitakayokuwa nimedunduliza itatosha kununua iliyo bora zaidi kuliko ambayo ningeipata kama ningelazimika kuanza upya na kila kitu.